Uingereza: Kwa nini kulungu wanaonekana kila mahali huku kalunguyeye akitoweka mashambani?

Mtu anayeendesha gari usiku kwenye barabara za vijijini nchini Uingereza leo ana nafasi kubwa zaidi ya kumulika kulungu kuliko aliyokuwa nayo mzazi wake miaka ya 1970. Akisimama kando ya mto, anaweza hata kumwona fisi maji, mnyama ambaye wakati huo alikuwa karibu kutoweka kabisa katika sehemu kubwa ya England. Lakini kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejiviringisha kama mpira, na ambaye zamani alikuwa jambo la kawaida vijijini, sasa huenda asimwone mwaka mzima.

Mabadiliko haya yanatokea kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu swali la iwapo wanyama wa porini wa Uingereza wanaongezeka au wanapungua halina jibu moja. Ukitazama kwa karibu, hata hivyo, kuna mtindo unaojitokeza. Wanaorudi wengi ni wanyama ambao watu waliamua kuwasaidia kwa sheria na miradi. Wanaopotea ni wale waliozoeleka mno, kiasi kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kuwalinda.

Takwimu zinasema nini?

Mwaka 2020, shirika la Mammal Society lilichapisha orodha ya mamalia walio hatarini nchini Uingereza. Kati ya aina 47 za asili, 11 ziliwekwa katika kundi la zinazoweza kutoweka, yaani karibu moja kati ya nne. Humo yumo paka mwitu wa Uskoti, kindi mwekundu, panya wa mtoni na kalunguyeye.

Kindi mwekundu ni mfano wa zamani. Kindi wa kijivu kutoka Amerika Kaskazini aliachiliwa England mwaka 1876. Ana uwezo mkubwa zaidi wa kujipatia chakula katika misitu ya miti ya majani mapana, na hubeba virusi vya ndui ya kindi ambavyo yeye mwenyewe havimdhuru sana lakini humuua mwenzake mwekundu. Makadirio ya mwaka 2018 yaliweka kindi wa kijivu kwenye milioni 2.7, na wekundu chini ya 300,000, wengi wao wakiwa Uskoti. Kwa Waingereza wengi wa kusini, kindi wanayemjua tangu utotoni ni huyo mgeni.

Sungura wa mashimoni naye, ambaye wengi hudhani hawezi kuisha, amepungua kwa zaidi ya nusu tangu katikati ya miaka ya 1990. Sababu kubwa inayotajwa ni magonjwa, ukiwemo ugonjwa wa kuvuja damu uliofika nchini humo miaka ya 1990. Sungura anapopungua, haathiriki peke yake. Yeye ni chakula cha wanyama na ndege wengi wawindaji, na kwa kulisha kwake huweka nyasi fupi ambazo mimea na wadudu fulani hutegemea.

Waliorudi walirudi vipi?

Kisa cha fisi maji kinaonyesha kwamba hali inaweza kugeuzwa. Kuanzia miaka ya 1950, viuatilifu vilivyotumika kwenye mbegu na mifugo vilitiririka hadi mitoni na kujikusanya katika samaki ambao fisi maji huwala. Viuatilifu hivyo vilipozuiwa hatua kwa hatua, na mnyama mwenyewe kulindwa kisheria mwaka 1978, alianza kurudi. Kufikia mwaka 2011 alikuwa amethibitishwa kuwepo katika kila kaunti ya England. Ilichukua zaidi ya miaka 30.

Biva, mnyama anayeangusha miti kwa meno na kujenga mabwawa, alikuwa amewindwa hadi kumalizika takriban miaka 400 iliyopita. Sasa yupo Uskoti na England, na mapema mwaka 2025 serikali iliruhusu aachiliwe kwa leseni katika mito ya England bila kuzungushiwa uzio.

Kulungu ni habari tofauti. Makadirio yanayotumiwa na serikali yanasema wamefikia takriban milioni 2, kutoka 450,000 katika miaka ya 1970. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwawinda walimalizwa karne nyingi zilizopita, misitu imeongezeka, na mazao ya majira ya baridi huwapa chakula wakati ambapo zamani wangekuwa na njaa. Baadhi yao, kama kulungu mdogo aina ya muntjac, waliletwa kutoka Asia.

Wingi wao si lazima uwe habari njema. Kulungu hula vichaka na miche iliyo chini ya miti mikubwa, na humo ndimo wanamoishi wanyama kama panya mlalaji wa misitu ya Uingereza, ambaye idadi yake imeshuka kwa takriban asilimia 70 tangu mwaka 2000. Msitu wenye kulungu wengi unaweza kumfurahisha mpita njia huku ukiwa unakufa kutokea chini.

Kalunguyeye amehamia mjini?

Ripoti ya mwaka 2022 kuhusu hali ya kalunguyeye ilionyesha kwamba vijijini wamepungua kwa kati ya asilimia 30 na 75 tangu mwaka 2000, kutegemea eneo. Mijini, kinyume chake, idadi yao ilionekana kutulia, na kwingine hata kuanza kupanda.

Haina maana kwamba wamefunga safari kutoka shambani kwenda mjini. Wanapungua kule, na wanaendelea kuishi huku. Katika bustani za nyumba wanapata wadudu, majani ya kujifichia na watu wanaowawekea chakula. Kampeni iliyoanza mwaka 2011 imewahimiza wenye nyumba kutoboa tundu la sentimita 13 kwa 13 kwenye uzio ili wapite kutoka bustani moja hadi nyingine. Shambani mambo ni magumu zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali iliwalipa wakulima kung'oa nyua za vichaka zilizogawa mashamba, ili trekta zipate nafasi na chakula kiongezeke. Takriban nusu ya nyua hizo zimetoweka. Kalunguyeye alipoteza pa kulala na njia salama ya kupita, huku dawa za kuulia wadudu zikimpunguzia chakula. Mnyama mwingine anayeitwa baja humwinda na kugombea naye minyoo, lakini wawili hao waliishi pamoja kwa maelfu ya miaka kabla ya mashamba kubadilika hivyo.

Kuonekana si kuwepo

Takwimu nyingi za aina hii hutoka kwa watu wa kawaida wanaojitolea. Tangu mwaka 2001 upo utafiti ambao madereva huhesabu wanyama, wazima na waliogongwa, katika safari zao. Wengine wanaohesabu ndege mashambani huandika pia mamalia wanaowaona. Nguvu ya kazi hiyo ni kurudiwa mahali palepale kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka.

Bila hivyo, macho hudanganya. Kamera za usiku zimefanya watu wengi wagundue wanyama ambao walikuwa bustanini siku zote. Kulungu ni mkubwa na huonekana mchana, wakati kalunguyeye hutoka gizani. Na kijana ambaye hakuwahi kumwona hatajua kwamba amekosa kitu, kwa sababu kwake hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Uamuzi uko wapi?

Takriban asilimia 70 ya ardhi ya Uingereza hutumika kwa kilimo, kwa hiyo hatima ya wanyama wa kawaida itaamuliwa zaidi na mkulima kuliko na hifadhi. Baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya, England ilianza kuacha kuwalipa wakulima kwa ukubwa wa shamba na badala yake kuwalipa kwa kutunza mazingira, zikiwemo nyua za vichaka. Lakini Machi 2025 serikali ilifunga ghafla maombi mapya ya mpango mkuu wa malipo hayo, ikisema bajeti iliyotengwa imekwisha.

Hapo ndipo penye mvutano. Kumwachilia biva mtoni huleta picha nzuri na kunahitaji leseni moja. Kumrudisha kalunguyeye vijijini kunahitaji maelfu ya wakulima wanaokubali kuacha kipande cha shamba bila kulimwa, na serikali inayowahakikishia kwamba mwaka ujao bado watalipwa. Fisi maji alihitaji miongo mitatu baada ya sumu kuondolewa. Ua wa vichaka unaopandwa leo nao utahitaji miaka kabla haujawa makazi ya mnyama yeyote.