Uchache Si Udhaifu

Wako watu wasemao kuwa serikali isiyo na nusu ya wabunge ni jahazi lisilo na usukani. Huiita dhaifu kabla haijatweka tanga. Neno hili lina wasemaji wengi, lakini wingi wa wasemaji haugeuzi neno kuwa kweli.

Serikali ya namna hiyo huishi kwa ridhaa ya watu isioweza kuwaamuru. Kila mswada hutafutiwa kura nje ya chama kinachotawala, na bajeti ikikataliwa, serikali huanguka. Kazi hii ni ngumu. Lakini je, ugumu ni aibu?

Na tuitazame Kanada. Lester Pearson alitawala tangu 1963 hata 1968, na chama chake hakikushinda zaidi ya nusu ya viti katika uchaguzi wowote. Mwaka 1965 kilipata viti 131 katika 265. Hata hivyo, nchi ilipata bendera mpya na mpango wa pensheni mwaka 1965, na sheria ya bima ya matibabu mwaka 1966. Pearson hakuamuru, alishawishi.

Joe Clark alipata viti 136 katika 282 mwaka 1979, akanuia kutawala kana kwamba alikuwa na wabunge wa kutosha. Chama kidogo cha Social Credit, kilichoshinda viti sita, kingaliweza kumvusha, hakukipa kilichotaka. Tarehe 13 Desemba bajeti yake ilishindwa kwa kura 139 dhidi ya 133, na uchaguzi wa 1980 ukamwondoa madarakani.

Wote wawili walikuwa na upungufu. Mmoja aliukubali, mwingine aliupuuza. Kilichomwangusha Clark si uchache, bali kuusahau.

Wapinzani watajibu kwamba chama kidogo huweza kudai bei kubwa, na kwamba chaguzi za mara kwa mara huchosha raia. Ni kweli. Lakini serikali yenye wabunge tele nayo ina gharama yake: mswada mbovu hupita kwa kuwa vichwa vimekwisha kuhesabiwa kabla hoja hazijasikizwa. Mwenye nguvu mpishe, husema methali. Bunge lililozoea kupisha limeacha kazi yake.

Basi, kijana msomaji, usiipime serikali kwa idadi ya viti vyake tu. Ipime kwa sheria izitungazo, na kwa masikio yake.