Fuvu la Lusinga halizikwi ndani ya telefone

Kalemie, Tanganyika – Juma lililopita kijana mmoja alinikuta mlangoni mwa redio, telefone mkononi. «Mkubwa, angalia, vitu vyetu vinarudi kutoka Ulaya!» Alikuwa ananionyesha kazi ya wasanii wa kundi la Looty. Niliangalia, nikasifu. Nilipofika nyumbani hasira ikanishika.

Mwaka 2023, Chidi Nwaubani na wenzake waliingia British Museum, London, kama wageni wengine, wakaelekeza chombo chao kwenye Jiwe la Rosetta. Chombo kile kinarusha mwanga wa leza. Mwanga unagonga kitu na kurudi, nacho kinapima umbali. Nukta kwa nukta, umbo lote la jiwe linaingia ndani ya mashine. Kisha umbo hilo wakaliweka Rashid, Misri, pale askari wa Napoleon walipolikuta mwaka 1799. Ukisimama pale na telefone unaliona jiwe mbele yako. Ukinyoosha mkono, unashika hewa.

Wasanii hawa siwalaumu. Mtu aliyeibiwa mbuzi akienda kumpiga picha mbuzi wake kwa mwizi, kosa si lake. Ninaowaogopa ni wakubwa wa makumbusho ya Ulaya. Wataona mchezo huu umewapa mlango wa kutokea: «Mnadai vitu? Haya, faili hii hapa, tumemalizana.»

Na kwetu kuko watu wanaoitikia! Wanasema Kongo haina mahali pa kuweka vitu, kwa hiyo picha inatosha. Uongo. Makumbusho ya taifa, Kinshasa, yamefunguliwa tangu 2019, yakijengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Na hiyo picha, nani ataifungua? Mama anayeuza ndagala bandarini anunue mega ili amuone babu yake?

Tukumbuke mwaka 2022. Ubelgiji ilimpa Waziri wetu Mkuu orodha ya vitu karibu 84.000. Kisha Mfalme Philippe akaja Kinshasa na kinyago cha Kakuungu, cha Wasuku, akatuachia kwa mkopo. Mkopo, ndugu zangu! Kama kitu chenyewe tunakopeshwa, leza tutapewa kwa jina gani?

Picha inaweza kuwa kamba ya kuvutia kitu, hilo nakubali. Wasanii wa CATPC kule Lusanga, Kwilu, walitumia picha ya sanamu ya Balot, iliyochongwa wakati wa uasi wa Wapende mwaka 1931, wakaifanya mali ya intaneti bila kuomba ruhusa. Makumbusho ya Virginia, Marekani, yenye sanamu hiyo, yalikasirika. Lakini mwaka 2024 sanamu yenyewe ilifika Lusanga, nayo ikaonyeshwa moja kwa moja kwa watu wa Venice. Kwa mkopo tena, lakini mti ule ulikanyaga udongo wetu. Wale hawakuridhika na picha, ndiyo sababu nawaheshimu.

Sasa turudi huku kwetu ziwani. Desemba 1884, watu wa Émile Storms, mwanajeshi Mbelgiji aliyekaa Mpala, walimuua Lusinga, mkubwa wa Watabwa, wakamkata kichwa. Lusinga hakuwa malaika, aliuza watu, wazee wanajua. Lakini ni wetu. Sanamu yake ikaishia Tervuren, na fuvu lake likapelekwa Bruxelles likapimwa kama mfupa wa mnyama. Kupima walianza zamani, kabla ya leza!

Juni 2022 tulipokea jino la Lumumba, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Jino moja tu, na inchi nzima ikasimama. Hakuna Mbelgiji aliyethubutu kuiambia familia ile: tuwatumie picha. Basi fuvu la Lusinga likija kwa intaneti, wazee wa Moba walipokee kwa mikono gani? Wachimbie telefone kaburi?

Ninyi wasanii, mkitaka kwenda Tervuren na leza yenu kumpima Lusinga, nendeni. Sanamu hiyo muisimamishe hewani pale Mpala, watoto waione. Ila chini yake muandike, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba kitu chenyewe bado kimefungiwa Ubelgiji.