Daftari la Genge

Mwezi huu naanza kwa kuungama. Mwaka jana genge la mtaani kwetu Sinza lilifungwa, na mimi ni mmoja wa waliolifunga.

Usinielewe vibaya, sikugombana na mtu. Mama mwenye genge alikuwa mtu wangu wa karibu. Tulipohamia pale na mume wangu, wiki mbili tu baada ya harusi, yeye ndiye aliyetuonyesha fundi bomba wa kuaminika na kutuambia gari la taka linapita siku gani. Nikichelewa kazini, ananiwekea mchicha pembeni. Nikiwa sina hela mkononi anasema, "Chukua tu mwanangu, utaleta." Anafungua daftari, anaandika.

Sasa tatizo lilianzia hapo. Kila Jumamosi mimi na mume wangu tulikuwa tunakwenda supamaketi, tunajaza vitu, tunalipa papo hapo bila kubisha bei. Tukirudi mtaani, nyanya za elfu mbili tunakopa! Yaani mtu asiyetujua hata majina tunamlipa taslimu, halafu anayejua mpaka kwamba mtoto wetu ana pumu tunamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nao ukifika, mke anadhani mume kalipa, mume anadhani mke kalipa. Si unajua tena mambo ya ndani ya nyumba.

Usiku mmoja, saa nane, mtoto alibanwa na kifua. Gari letu lilikuwa gereji. Nilimpigia simu Mama, na baada ya dakika kumi bajaji ilikuwa mlangoni. Dereva alikuwa mpangaji wake. Siku hiyo tulikuwa tunadaiwa shilingi 38,000. Hakuligusia kabisa.

Genge lilipofungwa nilimfuata nyumbani kwake. Alinijibu bila hasira: "Mwanangu, mtaji wote uko kwenye daftari." Alfajiri sokoni Mabibo anatakiwa atoe pesa mkononi, na tenga la nyanya halisubiri mshahara wa mtu. Tulilipa deni letu siku ile ile, lakini wengine wengi hawakulipa. Genge halijafunguliwa mpaka leo.

Najua wapo watakaosema mtaani kuna umbea, na kwamba muuza genge anajua mno mambo ya watu. Ni kweli, mume wangu naye alikuwa na msimamo huo. Lakini ule usiku wa pumu, huko kujulikana ndiko kulikotuokoa. Maduka makubwa tumeyaona yakija na kuondoka: Shoprite iliondoka nchini mwaka 2014, Uchumi ikafunga maduka yake hapa mwaka 2015. Hakuna aliyekuja kutugongea mlango kutuaga.

Basi, kwa wewe na mwenzako, naomba mfanye mambo matatu. Kwanza, kaeni leo mkubaliane nani analipa madeni ya mtaani, ili pasiwe na kutegeana. Pili, mshahara ukiingia, anzeni na daftari la genge na la Mangi kabla ya mtoko wa wikiendi. Kisingizio cha kutokuwa na chenji kimeshapitwa na wakati, M-Pesa tunayo tangu mwaka 2008. Tatu, kama uwezo mnao, acheni kabisa kukopa nyanya. Mkopo ule muachieni yule ambaye leo kweli hana.

Siku hizi nanunua mboga mtaa wa tatu, kwa dada mmoja ambaye bado hatujazoeana. Juzi hela zilipungua, akaniambia, "Nenda tu dada, utaleta kesho." Nikamjibu asubiri kidogo, nikarudi nyumbani kufuata pochi.

Tukutane mwezi ujao.