Udongo wa Ewuaso upimwe kwanza

Kila nikishuka Kona Baridi kwenda Ewuaso Kedong, Kajiado, mtu huniuliza mbona natafuta udongo na ardhi yote ni udongo. Si udongo wowote unaofaa kwa ufinyanzi. Ule mweusi wa Kitengela, unaonasa magari wakati wa masika, hunywa maji ukavimba, ukikauka hupasuka. Chungu chake huharibika kabla ya kuonja moto. Penye chembe za chokaa, chungu hutoka tanurini kizima, kisha chembe hizo hunywa unyevu wa hewa, zikavimba na kubandua vipande.

Hata hivyo nawapinga wafinyanzi wenzangu wanaonunua kila kilo ya udongo kutoka nje ya nchi. Koroga udongo majini, uchuje kwa chujio lenye matundu madogo, changanya vigae vilivyosagwa, choma vibao vya majaribio. Akina mama wafinyanzi wa Ukambani na Nyanza hawakungoja kipimajoto cha tanuri. Hata Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, na kazi yake imo British Museum.

Kaunti ya Kajiado hutoza ushuru malori ya mchanga. Basi ipime na udongo, itoe ramani, mfinyanzi ajue pa kuchimba na mwenye ardhi ajue bei.