Magugu-maji: nani atayaona wa kwanza kwenye Lualaba?

Mwaka 1952 mmea wenye maua mazuri ya zambarau ulionekana kwenye mto Kongo. Asili yake ni Amerika ya Kusini; watu waliutembeza dunia nzima sababu ya maua yake. Miaka mitatu tu, ukawa umesambaa kati ya Léopoldville na Stanleyville, ndiyo Kinshasa na Kisangani za leo. Serkali ya Wabelgiji ilituma mashua kupulizia dawa ya kuua majani. Hayakwisha. Mpaka leo yanateremka mbele ya Kinshasa, na kule wanayaita Kongo ya sika.

Sisi wa Kindu tuko juu ya maporomoko ya Wagenia. Kuna atakayesema: majani hayapandi maporomoko. Kweli, peke yake hayapandi. Lakini mtu anaweza kubeba mche mmoja ndani ya beseni, ao ukashikamana na nyavu. Tena Lualaba inatoka Katanga. Kitu kikitupwa kule juu, mto wenyewe utakileta kupitia Kongolo.

Kinachotisha ni mwendo wake. Mmea mmoja unazaa watoto pembeni, na pahali inapata chakula cha kutosha majini, fungu linaweza kuwa mara mbili kwa wiki mbili hivi. Mbegu zinalala kwenye matope miaka mingi. Fungu dogo, watu wawili wanaliondoa kwa mkono asubuhi moja. Likishakuwa kubwa, ni habari ingine: Ziwa Victoria, magugu yalionekana mwisho wa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 mitumbwi ya wavuvi ilikuwa inashindwa kutoka ufukoni. Ilibidi kuleta fukusi, wadudu wadogo wanaokula mmea ule, na kungoja miaka.

Kwa maoni yangu, kungojea afisa wa mazingira aone ni kuchelewa. Yeye hayuko juu ya maji kila asubuhi. Wavuvi wako, na wapiga kasia wanaovusha watu wa Alunguli nao wako. Lakini nani amekwisha kuwaonyesha hata picha ya mmea wenyewe?

Ukiuona: majani ya duara yanayong'aa, shina lililovimba kama sponji, mizizi myeusi inayoning'inia. Uutoe mzima, usiukatekate, sababu kipande kinachipuka tena. Uukaushe mbali na maji. Mwambie shefu wa mtaa na huduma ya mazingira, utaje pahali penyewe. Na maua yale usipeleke nyumbani.