Anayetaka udaktari aijue wodi kabla ada haijalipwa

Katika vibanda na maghala ya Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo, si ajabu kumsikia mama anayevusha maharage au vitenge akisema kwa fahari kwamba mwanawe atakuwa daktari. Ndoto hiyo ni njema, na Afrika Mashariki inawahitaji madaktari zaidi. Hata hivyo, kuna swali ambalo wazazi wengi hawamuulizi mtoto huyo: amewahi kukaa siku nzima mahali wanapohudumiwa wagonjwa, ukiacha siku alizougua yeye mwenyewe?

Swali hilo lina uzito wa fedha. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano Tanzania na Uganda na miaka sita Kenya, kisha unafuata mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kwa familia inayoishi kwa faida ya mzigo mmoja hadi mwingine, hiyo ni mitaji mingi iliyotolewa sokoni na kupelekwa chuoni. Kijana akigundua akiwa mwaka wa tatu kwamba hawezi kuvumilia damu, zamu za usiku na vilio vya wafiwa, hasara haimwangukii peke yake. Wadogo zake nao hukosa ada.

Udahili katika vyuo vya ukanda huu hutegemea zaidi alama za mtihani. Fizikia, kemia na baiolojia ndizo zinazofungua mlango, tofauti na Marekani ambako vyuo vya udaktari hutazama pia kazi za kujitolea alizofanya mwombaji. Kwa sababu hiyo wazazi wengi huona kujitolea ni kupoteza muda. Wanakosea. Karatasi ya matokeo huonyesha kama kijana anaweza kusoma udaktari. Haionyeshi kama anaweza kuishi nao.

Wafanyabiashara wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Hakuna anayemkabidhi mwanawe funguo za duka siku ya kwanza. Mtoto huanza kwa kufagia, halafu hupanga bidhaa, hupima kilo, hujifunza kuzungumza na mteja mkorofi, na mwisho ndipo hushika fedha. Aliyepita hatua hizo huijua biashara, na asiyeipenda huonekana mapema. Udaktari nao unastahili hatua hizo.

Basi aanze lini? Aanze akiwa sekondari, kwenye kidato cha pili au cha tatu, kwa mambo madogo. Ajifunze huduma ya kwanza katika klabu ya Msalaba Mwekundu shuleni, iwapo ipo. Likizo aongozane na mhudumu wa afya wa jamii anapozunguka kuhimiza chanjo na matumizi ya vyandarua. Wahudumu hao wapo Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, na wanazijua kaya kwa majina. Mwaka wa mtihani wa mwisho, aache. Bila alama hakuna udaktari, na hakuna kujitolea kunakoweza kufidia somo la kemia lililoanguka.

Nafasi kubwa zaidi huja baada ya mtihani huo. Tanzania wahitimu wa kidato cha sita humaliza mwezi Mei na vyuo hufunguliwa miezi kadhaa baadaye, ingawa baadhi yao hupitia JKT kwanza. Kenya na Uganda mitihani hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, na kijana hubaki nyumbani kwa miezi mingi zaidi. Muda huo wengi huumaliza kwenye simu. Siku mbili au tatu kwa wiki katika zahanati au hospitali ya wilaya, akielekeza wagonjwa, akipanga mafaili, akisukuma kiti cha magurudumu, zingemfunza mengi. Hata anayehitajika kibandani anaweza kupata alasiri mbili. Naye binti aliyemuuguza bibi yake kwa mwaka mzima asidharauliwe, kwani uzoefu anao.

Mpakani kuna faida nyingine. Wagonjwa huvuka kama bidhaa zinavyovuka, na wengine hufika wakiwa na lugha ambayo muuguzi haijui. Kijana aliyekulia sokoni, anayezungumza Kiswahili pamoja na Kinyarwanda, Kirundi au Kiganda, anaweza kusaidia kujaza fomu au kumwonyesha mgonjwa mahali pa dawa. Kijana huyo akija kuwa daktari, atakuwa na ujuzi ambao mhadhara hauwezi kumpa.

Lakini mipaka iwe wazi. Mwanafunzi asichome sindano, asishone kidonda na asizalishe, hata kama wodi imefurika na yeye yuko tayari. Siri za wagonjwa zibaki hospitalini. Majirani wa Kagera wanakumbuka Marburg ya mwaka 2023. Mwaka 2024 ugonjwa huohuo ulipoingia Rwanda, watu 66 waliugua na 15 walifariki dunia, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Ikiwa waliosomea kazi wanaambukizwa, mwanafunzi hana sababu ya kuwa karibu na mgonjwa wa kutengwa. Penye mlipuko, abaki nyumbani.

Hapa ndipo serikali zinapotakiwa kuingia. Leo kijana hupokewa hospitalini kwa sababu mjomba wake anafahamiana na mganga mkuu, na asiye na mjomba huishia getini. Hospitali za wilaya za mipakani zinapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa: umri unaokubalika, kazi zinazoruhusiwa, chanjo zinazohitajika, msimamizi, na barua ya kuthibitisha muda wa huduma. Yote hayo yawe bure. Mabaraza ya madaktari ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki yamekuwa yakikagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Kukubaliana kuhusu barua ya ukurasa mmoja inayotambuliwa pande zote za mpaka hakuwezi kuwashinda.

Wazazi nao wasisubiri mkutano wa mawaziri. Mzazi anayepanga kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo kwa ajili ya ada ya udaktari amwombe mwanawe kwanza mwezi mmoja wa kujitolea. Akirudi bado anautaka, ada hiyo itakuwa na mwenyewe. Akirudi na kusema moyo wake uko kwenye maabara, famasia au hata hesabu za duka, asigombezwe, maana ameiokolea familia mtaji.