Msimtukane Kikaragosi

Hebu tuambiane ukweli, wenzangu wa kalamu. Tukitaka kumtukana mwanasiasa asiye na msimamo, tunamwita kikaragosi. Mimi nasema tunamwonea kikaragosi bure.

Nimewasikiliza wakongwe wa sanaa hiyo wakizungumza kwenye Center for Puppetry Arts, Atlanta, Marekani, pale ambapo Jim Henson na chura wake Kermit walikata utepe mwaka 1978. Wazee wale hawakuja na maringo. Walionyesha kazi: mkono mmoja juu, ndani ya kichwa cha kikaragosi, mwingine unashika vijiti vya mikono yake. Mdomo ufunguke kwa kila silabi, la sivyo anaonekana anatafuna maneno. Mchezaji mwenyewe kajibanza chini, jasho linamtoka, na hakuna anayemwona.

Sisi je? Hadithi kurasa tatu tu, tayari twataka picha zetu jaladani! Mkulima wetu anahutubia, mtoto anahutubia, hata mbuzi akipata nafasi atahutubia. Wote kwa sauti ya mwandishi. Mkono unaonekana, bwana!

Na msiniambie eti huo ni mchezo wa watoto. Mwaka 2009, The XYZ Show ya Gado ilipoanza Kenya, vikaragosi wa mpira waliwakejeli wakubwa waziwazi kwenye televisheni. Washairi wangapi walithubutu hivyo?

Basi ndugu yangu, jibanze chini. Mwache mhusika aseme lake.